Yule mwenye duka wa Sacramento aliyekuja kuwa gavana wa California: utajiri wake ulitoka dukani kweli?

#1 MkaaKaunta
Wakuu salaam. Mtaani kwetu kuna jirani anauza mchele, mafuta na saruji. Ameshatangaza atagombea udiwani, na kila jioni barazani anatupigia hadithi moja: kwamba Leland Stanford, aliyekuwa gavana wa California, alianza na duka kama lake, akauza unga na koleo kwa wachimba dhahabu, akapata utajiri, watu wakampa uongozi, na kwa utajiri ule akajenga reli na chuo kikuu.

Mimi nilichojua ni kwamba kuna chuo chenye jina hilo. Basi nauliza wajuvi: mtu anatoka kaunta hadi reli inayovuka nchi kwa faida ya sukari na mafuta ya taa? Au kuna kitu jirani anakiruka?

#2 KitiChaMbele
Nimeshakaa. Leteni.

#3 MzeeTingatinga
Jirani yako hajadanganya ila amekata mwanzo. Stanford hakuanza na duka, alianza na sheria. Alizaliwa 1824 Watervliet, jimbo la New York, baba yake mkulima na mwenye nyumba ya wageni. Akasomea uwakili, akahamia Port Washington, Wisconsin, akafungua ofisi. Mwaka 1852 moto ukaiteketeza ofisi pamoja na vitabu vyake vyote. Kaka zake walikuwa wameshatangulia California kwenye dhahabu na wana biashara. Akawafuata.

Huko wakampa duka la kwao milimani, pahali palipoitwa Michigan Bluff, kambi ya wachimbaji hasa. Alikuwa anapima unga mchana, na pia akachaguliwa kuwa hakimu mdogo wa pale kambini. Baadaye akashuka Sacramento kusimamia biashara kubwa ya familia.

Jibu langu ni fupi. Wakati wa dhahabu, aliyetajirika si mchimbaji, ni aliyemuuzia mchimbaji koleo. Fumbo limeisha.

#4 BintiMakorora
Mzee #3, koleo umempa mtu asiye wake. Waliouza koleo, misumari na baruti pale Sacramento walikuwa Collis Huntington na Mark Hopkins, wenye duka la vyuma barabara ya K. Charles Crocker aliuza vitambaa. Stanford alikuwa mtu wa vyakula na mafuta ya taa kwa jumla. Ndio hao wanne waliokuja kuitwa Wanne Wakubwa, na wote ni watu wa kaunta. Reli ile ilizaliwa na wauza duka wanne, hakukuwa na mwenye benki hata mmoja.

Halafu punguza "fumbo limeisha". Sacramento ilijaa wauza duka. Mbona wengine hatuwajui?

#5 DukaLaKona
Mimi ni mwenye duka miaka 14, ngoja niseme la kwangu. Duka haliwezi kukutajirisha hivyo kwa mauzo. Duka linakutajirisha kwa daftari la madeni, ukiwa na bahati. Mimi nilishawahi kulipwa deni la mchele kwa pikipiki mbovu, nikaitengeneza, ikanipa hela kuliko duka mwaka mzima. Mwaka uliofuata nikalipwa kwa friji, ikanipa hasara mpaka leo iko stoo.

Stanford naye aliwakopesha wachimbaji, na kwa njia hiyo akajikuta na hisa za mgodi wa dhahabu pale Sutter Creek. Inasimuliwa kwamba alitaka kuuachia kwa dola 5,000, msimamizi wa mgodi akamsihi avumilie kidogo, kisha mshipa wa dhahabu ukatokea. Hapo ndipo mtaji ulipotoka. Koleo halikuhusika wala mchele haukuhusika. Ni mdaiwa aliyeshindwa kulipa.

#6 Mtata_wa_Kirumba
"Inasimuliwa." Hiyo ni chai mkuu, tena ya maziwa. Kila tajiri ana hadithi ya kutaka kuuza kitu kesho yake kikawa dhahabu.

#7 DukaLaKona
#6 hadithi ya dola 5,000 waweza kuiita chai. Mgodi wenyewe si chai, aliumiliki na ulitoa dhahabu. Tofautisha kikombe na kilichomo.

#8 MswahiliSacramento
Habari za huko nyumbani. Mimi naishi mji huohuo, nimepita nyumba yake mara nyingi, siku hizi ni ya serikali ya jimbo na watu wanatembezwa ndani. Niwape kisa ambacho kila mtembezaji lazima akitoe.

Stanford aliapishwa ugavana tarehe 10 Januari 1862. Majira hayo California ilipigwa na mafuriko ambayo hayajapata kuonekana tena mpaka leo. Sacramento iko penye mito miwili, mji mzima ukawa ziwa. Gavana mteule akatoka nyumbani kwa mtumbwi kwenda kuapishwa, akarudi kwa mtumbwi. Aliporudi maji yamepanda zaidi, mlango hauonekani, akaingia kwake kwa dirisha la ghorofani. Siku chache baadaye bunge likafunga virago, likahamia San Francisco hadi maji yapungue. Baadaye, alipokuwa na fedha za reli, aliiinua nyumba ile na kuiongezea ghorofa. Alijifunza.

Na ukienda makumbusho ya reli ya hapa utaiona injini ya kwanza ya kampuni yao. Imeandikwa jina lake: Gov. Stanford. Mtu yuko hai, yuko madarakani, na garimoshi limeshaitwa kwa cheo chake.

#9 KitiChaMbele
Gavana anaingia kwake kwa dirishani kama kijana aliyechelewa kurudi 😂 Mkewe Jane alimfungulia?

#10 Ndugu_Takwimu
Tuache mitumbwi tuangalie kura, kwa sababu jirani wa #1 ana uchaguzi mbele yake.

Mwaka 1857 Stanford aligombea utunza hazina wa jimbo, akashindwa. Mwaka 1859 akagombea ugavana, akapata kura kama 10,000 katika uchaguzi wa watu wasiopungua 100,000. Alikuwa wa tatu, tena wa tatu wa mbali. Miaka miwili baadaye, 1861, mtu yuleyule mwenye duka lilelile anapata takribani 56,000 na kushinda. Duka lilikua kiasi hicho? Hapana. Kilichotokea ni kwamba vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza Marekani, chama cha Democrat kikapasuka vipande viwili California, kila kipande na mgombea wake: John Conness na John McConnell. Jumlisha kura za hao wawili zinapita 60,000. Yaani wangeungana, Stanford angebaki na mafuta yake ya taa.

Kwa hiyo jibu langu: mgawanyiko wa wapinzani. Si mgodi wala koleo.

#11 BintiMakorora
#10 hesabu ni sahihi, ila unamwonea kidogo. Chama cha Republican California kilikuwa kichanga, waliokianzisha walikuwa wanazomewa mikutanoni. Yeye alikuwamo tangu siku za kuzomewa. Mtu aliyekubali kupata kura 10,000 ndiye aliyekuwa amesimama pale mlango ulipofunguka.

#12 Fundi_Mataruma
Sasa mmefika nilipokuwa nawasubiri. Nimefanya kazi ya reli, nisikilizeni kwa utaratibu.

Kampuni ya Central Pacific iliandikishwa tarehe 28 Juni 1861, rais wake Stanford. Uchaguzi wa ugavana ulifanyika Septemba mwaka uleule. Kwa hiyo tangu Januari 1862 hadi Desemba 1863 mtu mmoja ana kofia mbili: gavana wa jimbo na rais wa kampuni inayoomba msaada wa jimbo. Kipindi cha gavana kilikuwa miaka miwili tu, na yeye ndiye wa mwisho kutumikia kipindi kifupi hicho.

Mnajua kila mmoja wa wale wanne aliweka kiasi gani mwanzoni? Hisa 150 za dola 100, lakini walilipa asilimia 10 tu. Dola 1,500 kwa kichwa! Hiyo ndiyo hela ya duka iliyoingia kwenye reli mwanzoni. Zilizobaki zilitoka kwingine.

Tarehe 1 Julai 1862 Lincoln aliweka saini sheria ya reli ya Pasifiki. Kwa kila maili ya reli kwenye tambarare, hati fungani za dola 16,000. Kati ya milima, 32,000. Milimani kwenyewe, 48,000. Juu yake, ardhi ya umma kando ya reli, ambayo mwaka 1864 iliongezwa maradufu.

Sasa utamu. Milima ya Sierra Nevada inaanzia wapi? Ukiwa na macho, mbali sana mashariki ya Sacramento. Lakini mjiolojia wa jimbo, Josiah Whitney, akakubali kwamba mlima unaanzia Arcade Creek, kijito kilicho maili 7 tu kutoka mjini, kwa kuwa udongo wa pale umeshuka kutoka mlimani. Washington ikapokea. Kijito cha tambarare kikaanza kulipwa bei ya mlima. Watu wa enzi ile wakatania kwamba imani ya Abraham imehamisha milima, maana Lincoln jina lake Abraham.

#13 Mtata_wa_Kirumba
Hapo #12 umetisha. Kula tano. Kumbe kuhamisha mlima ni muhuri tu.

#14 PwaniMchangani
#12 naongeza kwenye sahani yako. Mwaka 1863 gavana Stanford alimteua Edwin Crocker kuwa jaji wa mahakama kuu ya California. Edwin ni nani? Ni ndugu yake Charles Crocker, na ni mwanasheria wa kampuni hiyohiyo ya reli. Mwaka huohuo San Francisco walipiga kura kuamua kama mji wao uisaidie reli kwa hati fungani. Walalamikaji wakadai kwamba Philip Stanford, kaka wa gavana, alionekana vituoni akiwarushia wapiga kura sarafu kutoka kwenye mfuko.

Kwetu Mombasa tungesema ni kama anatuza ngoma.

#15 Ndugu_Takwimu
Haki itendeke. #12 kaandika kama vile serikali iligawa bure. Zile hati fungani zilikuwa mkopo wa miaka 30, riba asilimia 6, na kampuni ilitakiwa kuurudisha. Na ulirudishwa: kulikuwa na makubaliano 1899 na hadi 1909 deni limekwisha. Pia hati zilitolewa baada ya kipande cha reli kukamilika na kukaguliwa. Mwanzoni walikuwa wanatafuta pesa ya kulipa mishahara ya mwezi. Huntington alikaa New York anakopa kwa jina lake mwenyewe.

#16 Fundi_Mataruma
#15 mkopo ulirudishwa, sawa. Lakini nani alijenga? Kampuni ya reli iliipa kandarasi kampuni nyingine, Contract and Finance Company. Wenye hiyo ya pili ni nani? Walewale wanne. Wanajitoza wenyewe, wanajilipa wenyewe, reli inabaki na deni na wao wanabaki na faida. Mwaka 1887 tume ya Washington ilipokuja kuuliza, vitabu vya hesabu vya kampuni ile havikuonekana. Stanford alihojiwa, yalipofika maswali ya fedha zilizokwenda kwa wanasiasa akakataa kujibu. Shauri likaenda mahakamani, na Jaji Stephen Field akasema hawezi kulazimishwa. Field alikuwa rafiki yake, na alikuwa mmoja wa wadhamini wa chuo chake.

Nimewahi kuwa kwenye mradi ambapo aliyepima kifusi na aliyelipwa kifusi walikuwa shemeji. Sitasema wapi. Nikisoma habari hizi hata sishangai.

#17 BintiMakorora
Wanaume mnagombea hela na mmemsahau mwenye wazo. Mhandisi Theodore Judah ndiye aliyepanda Sierra na vipimo, akaipata njia, akawaita wale wanne kwenye mkutano juu ya duka la vyuma. Wakagombana naye haraka, wao wanataka pesa, yeye anataka reli sahihi. Mwaka 1863 akasafiri kwenda mashariki kutafuta matajiri wa kuwanunua wale wauza duka. Enzi hizo njia ni meli hadi Panama, unavuka nchi kavu, unapanda meli nyingine. Homa ya manjano ikamkamata njiani, akafika New York akafa. Umri wake miaka 37.

Angefika mzima huenda leo hatuongei habari za Stanford. Mbu nao wamo kwenye hesabu, #10.

#18 Mjukuu_wa_Tunduma
Na mikono je? Kurasa nzima hamjataja waliochimba.

Kazi iliposhindikana kupata watu, mwaka 1865 Crocker alianza kuajiri Wachina. Msimamizi wa kazi, Strobridge, hakuwataka mwanzoni, akaona kazi yao akanyamaza. Mwishoni walikuwa maelfu kwa maelfu, tisa kati ya kila wafanyakazi kumi. Walipasua shimo la kilele, zaidi ya nusu kilomita ndani ya jiwe, kwa patasi, baruti na nitroglaiserini iliyochanganywa palepale. Majira ya baridi theluji iliporomoka na kufunika kambi. Kampuni haikuweka orodha ya waliokufa.

Mwezi Juni 1867 wakaweka zana chini. Walitaka dola 40 kwa mwezi badala ya 35, na saa zipunguzwe hasa kwa walio ndani ya mashimo. Wazungu walikuwa wanalipwa na kulishwa, Wachina wanajilisha. Crocker akakata chakula kisipande mlimani. Baada ya takribani wiki wakarudi kazini.

Na huyu gavana wenu, kwenye hotuba yake ya kuapishwa 1862, alisema watu wa Asia wazuiwe kuja California maana ni watu duni. Miaka mitatu baadaye anamwandikia Rais Andrew Johnson kuwasifu Wachina: watulivu, wavumilivu, wachapakazi. Mtu huyohuyo.

Babu yangu mzaa mama alibeba zege TAZARA, 1970 hadi 1975, Wachina na Watanzania na Wazambia, kilomita 1,860. Alikuwa anatuhesabia maneno ya Kichina matano, manne ni ya chakula. Nikisoma ya Sierra namkumbuka yeye.

#19 PwaniMchangani
Pole kwa babu #18. Na ya kwetu usiiache: reli ya Mombasa kwenda ziwani, 1896 hadi 1901, vibarua kutoka Bara Hindi zaidi ya 30,000. Msumari wa mwisho aliugonga Florence Preston, mke wa mhandisi, pale palipoitwa Port Florence, sasa Kisumu. Huyo hakuukosa msumari.

#20 KitiChaMbele
Kwani nani aliukosa?

#21 MswahiliSacramento
Stanford! Tarehe 10 Mei 1869, Promontory, Utah, reli ya kutoka magharibi inakutana na ya kutoka mashariki. Msumari wa dhahabu uliwekwa tu kwenye tundu lililotobolewa tayari, kwenye taruma la mti wa lorela lililong'arishwa. Kisha ukaja msumari wa chuma wa kugongwa kikwelikweli, nyundo na msumari vimefungwa waya wa telegrafu ili nchi nzima isikie pigo. Stanford akainua nyundo, akapiga chuma cha reli. Wafanyakazi wakacheka. Mpiga telegrafu akatuma kwamba kazi imekwisha, Marekani yote ikapiga kengele.

Msumari ule wa dhahabu uko makumbusho ya chuo chake. Lile taruma la lorela liliungua San Francisco kwenye tetemeko na moto wa 1906.

#22 DukaLaKona
Mtu wa kaunta umpe nyundo? Mngempa mizani.

#23 Kibandani_Forodhani
Assalaam alaykum. Mmetaja wafanyabiashara wa Marekani wa karne ile, na Unguja tunawajua, ila si hawa wa California. Wetu walikuwa wa Salem, Massachusetts. Mwaka 1833 Edmund Roberts alifunga mkataba na Sayyid Said, mwaka 1837 akaja konseli wao wa kwanza, Richard Waters, naye ni mfanyabiashara. Walileta kitambaa cha pamba kisichopaushwa, wakachukua pembe, karafuu na sandarusi. Kitambaa kile mpaka leo tunakiita merikani, bibi zetu walikijua kabla hawajajua Marekani iko wapi.

Na vita hivyohivyo vilivyompa Stanford ugavana 1861 ndivyo vilivyowaharibia Wasalem. Pamba ya kusini ikakatika, bei ikapanda, kitambaa cha Uingereza na cha Bombay kikaingia sokoni petu. Kwa hiyo nami naunga mkono #10: vita. Vita vimemwinua mwuza mafuta kule na kumwangusha mwuza kitambaa huku.

#24 Ndugu_Takwimu
#23 shukrani Sheikh. Hili la merikani sikulitegemea kabisa.

#25 Mtata_wa_Kirumba
Tunarudi California kabla uzi haujafika Zanzibar, Oman na Kilwa. Nimesikia pia kwamba Stanford aliweka dau la dola 25,000 kwamba farasi akikimbia, miguu yote minne huacha ardhi. Ni kweli?

#26 BintiMakorora
Dau halijathibitishwa na yeyote. Picha ni za kweli. Alimlipa mpigapicha Eadweard Muybridge, na Juni 1878 pale Palo Alto wakapanga kamera 12 kando ya njia, farasi akikata uzi kamera inajifyatua. Miguu yote minne ikaonekana hewani. Kisha wakagombana, Stanford akatoa kitabu cha picha zile akamweka Muybridge pembeni kabisa. Judah, Wachina, Muybridge. Naona mfululizo hapa, ila nisije nikaambiwa nina chuki.

#27 Mjukuu_wa_Tunduma
#26 ongeza wenyeji wa asili wa California. Mwaka 1863 gavana Stanford ndiye aliyeita wapiganaji wa kujitolea kwenda kupigana na wenyeji wa milima ya kaskazini-magharibi. Hilo barazani jirani hasimulii.

#28 Mama_Wawili
Nimesoma kimya tangu #1. Niseme la mtoto, maana wote mmelipita kana kwamba chuo kilianguka toka juu.

Walikaa kwenye ndoa miaka 18 bila mtoto. Leland mdogo alizaliwa 1868. Wakamzungusha Ulaya kusoma na kukusanya vitu vya kale, akaugua homa ya matumbo, akafa Florence tarehe 13 Machi 1884, miaka 15. Homa ya matumbo, ile tunayotibu kwa vidonge. Baba akasema watoto wa California watakuwa watoto wao. Chuo kikafunguliwa Oktoba 1891 kwenye shamba lao la farasi, wanaume na wanawake, bila ada.

Tarehe 21 Juni 1893 mzee naye akafariki, akiwa seneta, mwaka wa mdororo wa uchumi. Mali ikazuiwa, na serikali ya Washington ikadai dola milioni 15 kwenye mirathi kwa ajili ya yale madeni ya reli. Jane akabaki na posho iliyoruhusiwa na mahakama, dola 10,000 kwa mwezi. Mnajua alivyowalipa maprofesa? Waliandikwa kama watumishi wa nyumbani kwake! Kesi aliishinda mahakama ya juu 1896. Mimi nimefiwa na mume nikabakiwa na shule ya chekechea yenye walimu watatu na ndugu wanataka tugawane madawati. Huyu mama namwelewa kuliko ninyi nyote na misumari yenu.

#29 Fundi_Mataruma
#28 pole sana dada. Sina la kujibu hapo. Nasema tu kwamba dola milioni 15 zilizodaiwa ndizo zilezile za mlima uliohamishwa.

#30 Mama_Wawili
Asante kaka. Za mlima au za mchele, walimu walilipwa.

#31 KitiChaMbele
Si Jane huyuhuyu aliwekewa sumu?

#32 MswahiliSacramento
Ndiye. Januari 1905 maji yake ya kunywa San Francisco yalikutwa na strikinini, akapona. Akaenda Honolulu kupumzika, tarehe 28 Februari akafa. Baraza la uchunguzi la kule likasema sumu. Rais wa chuo, David Starr Jordan, akaleta daktari wake aliyesema ni moyo. Lakini hiyo ni habari ya uzi mwingine, tutakesha.

#33 MkaaKaunta
Wakuu nashukuru, nimemsomea jirani uzi wote kwa sauti barazani. Yeye kashika mawili tu: la #5 kwamba daftari la madeni ni mgodi, na la #10 kwamba wapinzani wagawanyike. La mlima kasema hakulisikia vizuri kwa sababu ya bodaboda.

Ila mimi bado sijapata jibu. Duka, daftari, vita, muhuri, mbu au Wachina?

#34 MzeeTingatinga
Nabaki na duka langu. Dola 1,500 za #12 zilitoka wapi kama si kaunta?

#35 Fundi_Mataruma
Dola 1,500 hazijengi hata choo cha stesheni, mzee wangu.

#36 DukaLaKona
Mmesahau kwamba mwaka 1885 alipokwenda kuwa seneta alichukua kiti alichokitaka Aaron Sargent, mtu wa Huntington. Huntington akalitunza hilo miaka mitano, 1890 akamng'oa hadharani urais wa Southern Pacific, kampuni yao nyingine ya reli. Wauza duka wenyewe kwa wenyewe. Mbia ni mbia mpaka siku ya kugawana.

#37 Ndugu_Takwimu
#36 na enzi hizo maseneta walichaguliwa na bunge la jimbo, si wananchi. Kwa hiyo kura za wananchi alizopata zikamfikisha juu ni zile za 1861 tu. Jirani ahesabu vizuri.

#38 Chelewa_Chelewa
Wakuu habari, nimeingia sasa hivi, sijasoma kurasa za nyuma. Kwani huyu Stanford ndiye mwenye kile chuo?